Ngazi kumi na nane: uchambuzi wa kisa cha abiria mwenye kiti cha magurudumu aliyeachwa na ndege ya kuunganisha

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mama wa Kitanzania wa miaka 71, ambaye hapa tutamwita Bi. Z., aliyekuwa akirejea Dar es Salaam kutoka Ujerumani baada ya kukaa miezi miwili kwa binti yake. Nilikifahamu kwa sababu familia iliniomba niisaidie kupanga nyaraka na kuandika madai, na baadaye ikaniruhusu kukieleza ili wengine wanaowasafirisha wazazi wao wanufaike. Jina la shirika la ndege, la uwanja wa kuunganishia na la wakala wa tiketi nimeyaacha, na baadhi ya mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mhusika nimeyabadilisha. Saa, mpangilio wa matukio na maandishi yaliyobishaniwa nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Kwa kawaida mazungumzo juu ya huduma za ndege za masafa marefu huishia kwenye chakula, upana wa viti na tabasamu la wahudumu. Bi. Z. hana lalamiko kubwa juu ya hayo. Alivunjika moyo pale alipotoka mikononi mwa mtu mmoja kwenda mikononi mwa mwingine, na taarifa zake zikabaki nyuma.

Mazingira

Bi. Z. ana kisukari anachokidhibiti kwa sindano za insulini asubuhi na jioni, na magoti yake yamechakaa kwa baridi yabisi. Ndani ya nyumba hutembea kwa mkongojo. Sokoni huenda, lakini kwa kupumzika kila baada ya hatua chache. Ngazi hawezi, isipokuwa ngazi mbili tatu zenye kishikio na mtu wa kumshika kiunoni. Anazungumza Kiswahili na Kizigua. Kiingereza anatambua maneno machache tu.

Tiketi ilikatwa na binti yake kupitia wakala. Mpwa wa Bi. Z. aliyeko Dar es Salaam alikuwa amependekeza kukata tiketi mbili tofauti, moja ya Ujerumani hadi Ghuba, yaani Uarabuni ulikokuwa uwanja wa kuunganishia, na nyingine ya Ghuba hadi Dar es Salaam, kwa kuwa bei ilipungua kidogo. Binti alikataa. Alihofia kwamba mizigo ingelazimika kuchukuliwa na kusajiliwa upya katikati ya safari, kazi ambayo mama yake asingeiweza. Hakujua wakati huo kwamba kwa kukataa alikuwa pia anahifadhi haki ambayo miezi michache baadaye ndiyo ingekuwa nguzo ya madai yote.

Siku tano kabla ya safari, wakala alipiga simu kuthibitisha mahitaji maalumu. Binti aliomba chakula cha mgonjwa wa kisukari na kiti cha magurudumu. Wakala akauliza: "Mama anaweza kutembea?" Binti akajibu kwa uaminifu: "Ndiyo, kidogo kidogo." Wakala akaandika WCHR katika sehemu zote mbili za safari.

Herufi hizo zinahitaji kuelezwa, maana kisa kizima kinazizunguka. Mashirika ya ndege duniani hutumia alama za pamoja kuelezana hali ya abiria anayehitaji kiti cha magurudumu. WCHR ni abiria anayeweza kupanda na kushuka ngazi na kufika kwenye kiti chake mwenyewe, ila hawezi kutembea umbali mrefu uwanjani. WCHS ni yule asiyeweza ngazi, lakini akishafikishwa mlangoni mwa ndege anatembea mwenyewe hadi kitini. WCHC ni asiyeweza kutembea kabisa, anayehitaji kufikishwa hadi kwenye kiti chake. Bi. Z. alikuwa WCHS wa wazi kabisa. Safari ya kwenda, miezi miwili kabla, ilikuwa na kosa hilohilo, lakini halikuonekana kwa sababu kila mahali ndege iliegeshwa kwenye daraja la abiria, yaani njia inayounganisha mlango wa ndege na jengo, na hapakuwa na ngazi hata moja. Safari iliyokwenda vizuri iliificha hitilafu, na familia ikaamini kwamba mpangilio ulikuwa sahihi.

Mfululizo wa matukio

Ndege ilipangwa kuondoka Ujerumani saa 9:00 alasiri na kufika Ghuba saa 5:15 usiku kwa saa za huko. Ya kuunganisha ilipangwa kuondoka saa 8:30 usiku na kutua Dar es Salaam saa 2:00 asubuhi. Nafasi ya saa tatu na robo kati ya ndege mbili ilichaguliwa makusudi.

Abiria wakiwa wameshaketi, rubani alitangaza hitilafu ya kiufundi iliyohitaji mafundi. Ndege iliondoka saa 10:40 jioni, ikiwa imechelewa kwa saa 1 na dakika 40.

Kabla ya kuruka, mhudumu mmoja alimwomba Bi. Z. kwa ishara abadilishe kiti ili mzazi akae na mtoto wake. Alikubali kwa moyo mweupe. Chakula maalumu katika ndege hubandikwa karatasi yenye namba ya kiti, hivyo sahani yake ilipelekwa kwenye kiti cha zamani, na aliyekikalia akaipokea. Bi. Z. alipewa wali, mkate mweupe, keki na juisi. Alikula wali nusu na kuiacha keki. Mhudumu mwingine, kijana aliyeonekana kuijua kazi yake, alitambua kwamba mama huyu hagusi chakula, akakagua orodha, akaelewa kilichotokea na kumtafutia mboga, mayai na matunda kutoka kwenye akiba. Namtaja kijana huyo kwa sababu katika safari nzima ndiye mtumishi pekee wa shirika aliyemtazama abiria kwanza na karatasi baadaye.

Ndege ilitua saa 6:55 usiku. Haikuegeshwa kwenye daraja, bali mbali na jengo, ambako abiria hushuka kwa ngazi na kupanda basi. Abiria wengine saba waliokuwa wakielekea Dar es Salaam walishuka, wakapanda basi la pili, na wote saba waliiwahi ndege yao. Bi. Z. alielekezwa kusubiri, kwa kuwa wanaohitaji kiti cha magurudumu hushuka mwisho.

Saa 7:20 usiku vijana wawili walifika na kiti, wakakiweka chini ya ngazi na kumpungia mkono ashuke. Karatasi yao ilisema WCHR, na kwa mujibu wa karatasi hiyo walikuwa sahihi. Bi. Z. alisogea mlangoni, akatazama chini, akahesabu ngazi kumi na nane, akatikisa kichwa. Mmoja alipanda na kumshika mkono. Aliteremka ngazi ya kwanza, goti likakataa, akaketi palepale mlangoni. Ndipo gari lenye lifti ya kuinulia abiria lilipoitwa. Lilifika saa 7:55.

Kufika jengoni, kupita ukaguzi wa usalama na kuvuka upande wa pili wa uwanja kulichukua nusu saa nyingine. Alifika getini saa 8:25. Geti lilikuwa limefungwa saa 8:10. Kupitia kioo aliiona ndege ikiwa bado imesimama.

Alipelekwa kwenye sehemu ya kusubiria abiria wa viti vya magurudumu na kuachwa hapo. Saa 9:30 usiku afisa wa shirika alikuja na pasi mpya ya kupandia ndege ya usiku uliofuata, yaani saa ishirini na nne baadaye, pamoja na kuponi moja ya chakula na karatasi ya Kiingereza. Alionyesha mahali pa kutia sahihi. Bi. Z. alidhani ni karatasi ya kupokelea tiketi mpya, akaandika jina lake. Kwa hakika ilikuwa tamko kwamba anapokea vocha ya dola 150 za Marekani, ya kutumika katika safari nyingine ya shirika hilo, kama fidia kamili, na kwamba hatadai kitu kingine.

Saa 1:00 asubuhi, kwa mazoea ya miaka mingi, alijichoma sindano akitarajia kifungua kinywa. Mgahawa uliokubali kuponi ulikuwa ghorofa ya juu, na hapakuwa na mtu wa kumsukuma. Simu yake haikuwa na mtandao, kwa kuwa intaneti ya uwanja ilihitaji kujisajili kwa Kiingereza au Kiarabu. Karibu saa 3:00 mikono ilianza kutetemeka na jasho kumtoka. Alijipima akakuta 3.4, ilhali chini ya 3.9 tayari ni sukari iliyoshuka. Alikuwa na tende na pipi za glukosi kwenye mkoba. Alikula tende tano, akisoma dua kwa sauti ndogo na kujisemea kwa Kiswahili.

Sauti hiyo ilimfikia dada mmoja wa usafi, Mkenya, aliyekuwa akipita na toroli lake.

"Shikamoo, mama. Mbona unatetemeka? Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu usiku wa manane. Sijala."

Dada huyo alinunua maziwa na mkate kwa fedha yake, akasimama mpaka Bi. Z. akamaliza kula. Kisha akampigia simu binti yake aliyeko Ujerumani kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi ndani ya pasipoti. Binti alikuwa bado hajui lolote. Mpwa ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, akitazama abiria wa mwisho wakitoka bila shangazi yake. Kwa maelekezo ya binti, dada wa usafi aliipiga picha ile karatasi iliyotiwa sahihi, pasi zote mbili na ubao wa matangazo uliokuwa ukionyesha safari hizo, akazituma. Mchana wa saa 6:00, baada ya binti kupiga simu tatu na kumpata msimamizi wa zamu, Bi. Z. alipelekwa chumbani katika hoteli iliyo ndani ya uwanja, ambako abiria hahitaji viza. Alilala, akala chakula kilichomfaa, na usiku akasindikizwa hadi kitini bila tatizo.

Alifika Dar es Salaam akiwa amechelewa kwa siku nzima, miguu ikiwa imevimba hadi chini ya goti. Daktari alimchunguza akihofia damu kuganda kwenye mishipa, hatari inayoongezeka kwa anayekaa bila kujongea kwa zaidi ya saa nne, akakuta hakuna. Uvimbe uliisha baada ya siku chache. Sanduku lake lilifika siku mbili baadaye, likiwa limepasuka upande mmoja.

Maamuzi na sababu zake

Familia ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandika lalamiko la jumla lenye uchungu wote: ngazi, njaa, vocha, sanduku, usiku wa kukaa kitini. Ya pili ilikuwa kutenganisha mambo na kudai kila moja kwa sheria yake. Binti alitaka ya kwanza, na nilimwelewa, kwa sababu hasira yake ilikuwa ya haki na mama yake alikuwa amelia. Hata hivyo nilishauri ya pili, kwa kuwa barua yenye mambo kumi hujibiwa lile jepesi na mengine tisa hupita kimya.

Dai kuu lilijengwa juu ya Kanuni Na. 261/2004 ya Umoja wa Ulaya. Kanuni hii inamlinda abiria yeyote, wa uraia wowote, anayeondoka katika uwanja ulio ndani ya Umoja huo, hata kama shirika ni la nje. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, anayefika mwisho wa safari yake akiwa amechelewa kwa saa nne au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika hustahili euro 600. Wengi wetu hatulijui jambo hili, na wanaolijua hudhani ni la Wazungu. Ni muhimu vilevile kufahamu mpaka wake: laiti mkasa huo ungetokea wakati wa kwenda, Dar es Salaam hadi Ujerumani kwa shirika lisilo la Ulaya, Kanuni hiyo isingetumika, na familia ingebaki na Mkataba wa Montreal wa 1999 peke yake, mkataba wa kimataifa juu ya wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, unaomtaka abiria athibitishe hasara halisi aliyoipata.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuikana ile sahihi mapema, kabla shirika halijaitumia. Kanuni inataka fidia ilipwe kwa fedha, na vocha iwe kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi na abiria. Kwa hiyo karatasi ile haikuwa kitu kidogo. Lakini Kanuni hiyohiyo, katika kifungu cha 15, inakataza haki hizi kuondolewa kwa mkataba, na inampa abiria aliyepokea pungufu bila kuelezwa haki zake ipasavyo nafasi ya kudai kilichobaki. Barua ilieleza waziwazi kwamba abiria hasomi Kiingereza, kwamba hapakuwa na mkalimani, na kwamba vocha haijatumika na inarejeshwa.

Sanduku familia iliamua kulishughulikia "mambo makubwa yakiisha". Huo ulikuwa uamuzi mbaya, na nakiri kwamba nilichelewa kuuliza habari za sanduku.

Madai na matokeo

Barua ya kwanza ilitumwa siku ya tisa. Jibu lilikuja baada ya wiki tano likiwa na hoja tatu: kwamba ndege ya kwanza ilichelewa kwa saa 1 na dakika 40 tu, kwamba bado ulibaki muda wa kutosha, na ushahidi ni abiria saba walioiwahi ndege, na kwamba abiria alikwishapokea fidia na kutia sahihi.

Hoja ya kwanza ilikuwa dhaifu. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca, iliamua kwamba safari yenye tiketi moja huhesabiwa kuwa kitu kimoja, hata kama kituo cha kuunganishia kiko nje ya Ulaya na ndege inabadilishwa. Kinachopimwa ni saa ya kufika mwisho. Hapa ndipo tiketi moja aliyoing'ang'ania binti ilipozaa matunda, kwani kwa tiketi mbili tofauti shirika lingekuwa limechelewesha abiria wa Ghuba kwa chini ya saa mbili, basi. Kuhusu hitilafu ya kiufundi, Mahakama hiyo ilikwishasema mwaka 2008 kwamba kwa kawaida hitilafu za namna hiyo ni sehemu ya shughuli za shirika na si udhuru wa kipekee.

Hoja ya pili ilikuwa na uzito, na sikuificha familia. Kama saba waliwahi, shirika lingeweza kusema kwamba kilichomchelewesha wa nane si ndege, bali huduma ya uwanjani, na Kanuni Na. 1107/2006 inayosimamia huduma kwa abiria wenye ulemavu au wasiotembea vizuri ina nguvu kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya, si vya Ghuba. Tulijibu kwamba shirika lilikubali ombi la kiti siku tano kabla, kwamba liliuza muunganiko wa saa tatu na robo na kutoa wa saa moja na nusu, na kwamba muda unaomtosha mwenye miguu mizima haupaswi kuwa kipimo cha anayeshushwa mwisho kwa utaratibu wa shirika lenyewe. Bado naamini jibu hilo ni la haki. Kama lingeshinda mahakamani, siwezi kuahidi.

Halikufika mahakamani. Baada ya barua ya wakili wa Ujerumani, shirika lililipa euro 600 "bila kukiri kosa". Sehemu ya fedha hizo ilimlipa wakili. Bi. Z. aliomba euro hamsini zitumwe kwa yule dada wa usafi, na zilitumwa.

Dai la sanduku kupasuka lilikataliwa, na kwa sheria lilistahili kukataliwa. Mkataba wa Montreal unataka mzigo ulioharibika uandikiwe lalamiko ndani ya siku saba tangu kupokewa, na uliochelewa ndani ya siku ishirini na moja. Familia iliandika siku ya kumi na mbili.

Uchambuzi

Nikianza na yaliyofaulu: insulini, kipimo, tende na glukosi vilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Hilo peke yake lilizuia kisa hiki kuwa cha hospitali. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi, si ndani ya simu isiyo na mtandao, ndiyo iliyomuunganisha na binti yake. Picha zilizopigwa asubuhi ileile ndizo zilizofanya mabishano ya baadaye yawe juu ya sheria na si juu ya nani anakumbuka nini. Alizipiga mtu asiye na wajibu wowote kwa abiria huyo, akiwa kazini, na huenda kwa kuhatarisha kibarua chake.

Sasa yaliyoshindwa. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni wale vijana wawili walioleta kiti chini ya ngazi, na binti aliwalaumu kwa muda mrefu. Mimi sioni hivyo. Wao walitekeleza karatasi, na kosa lilikuwa limeshaandikwa siku tano kabla, katika swali moja la Kiswahili. "Anaweza kutembea?" ni swali ambalo kwa mtoto mwenye adabu lina jibu moja tu. Kusema kwamba mama yako hawezi kutembea, ilhali kila siku anakwenda bafuni na jikoni, ni kama kumshusha hadhi. Binti alijibu kwa heshima, wakala akasikia kwa haraka, na kati ya heshima na haraka herufi R ikachukua nafasi ya S. Swali lililohitajika lilikuwa jingine: anaweza kushuka ngazi za ndege mwenyewe, bila kushikwa? Hapo binti angejibu "hapana" bila kusita, na gari la lifti lingekuwa linasubiri ndege ilipotua. Dakika 35 zilizopotea zingebaki, na Bi. Z. angefika getini saa 7:50, dakika 20 kabla ya kufungwa.

Naomba msomaji anayemkatia tiketi mzazi wake alione jambo hili kwa uzito wake. Mkitamka ombi la kiti cha magurudumu, taja ngazi. Kisha omba uthibitisho wa maandishi unaoonyesha alama yenyewe katika kila sehemu ya safari, kwa kuwa kila ndege ina orodha yake na ombi lililoingizwa katika ndege ya kwanza si lazima lionekane katika ya pili.

Kosa la sahani ni mdogo wake kosa la ngazi. Taarifa ilibandikwa kwenye kiti, abiria akahama, taarifa ikabaki. Kubadilisha kiti ni wema, na sitamshauri mtu aukatae, lakini abiria mwenye chakula cha tiba anahitaji kusema, au kuonyesha kwa maandishi, kwamba chakula chake kimfuate.

Kosa la shirika lililo baya zaidi lilitokea baada ya ndege kuondoka. Kuchelewa hutokea. Lakini kumletea karatasi ya kusamehe haki mama mzee saa tisa na nusu ya usiku, kwa lugha asiyoisoma, kabla ya kumletea chakula, ni jambo ambalo sioni namna ya kulitetea. Afisa yule alikuwa na muda wa kuandaa hati na hakuwa na muda wa kutafuta mtu wa kusukuma kiti hadi mgahawani. Kuponi ilihesabiwa kuwa huduma iliyotolewa. Kwa mtu aliyeachwa kitini bila wa kumsukuma, ilikuwa karatasi tupu. Na lugha haikuwa kikwazo kisichoepukika: viwanja vya Ghuba vimejaa wafanyakazi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na Kiswahili kilikuwa umbali wa hatua chache, kikisukuma toroli la usafi.

Kwa upande wa Bi. Z. mwenyewe, yapo mawili aliyoyataja bila kuulizwa. Alijichoma sindano kabla ya kukiona chakula, jambo ambalo nyumbani halina hatari kwa sababu uji uko jikoni. Safarini, daktari wake sasa amemwelekeza asubiri sahani iwe mbele yake. La pili ni ile sahihi. Alisema aliona aibu kumwambia kijana aliyesimama mbele yake kwamba haelewi kilichoandikwa.

Euro 600 zilipokelewa kwa furaha, lakini zimelipa kuchelewa tu. Kutetemeka kwake hakuna kifungu. Barua ya pekee iliyopelekwa kwa shirika kuhusu huduma uwanjani, isiyodai fedha bali ikiuliza kama mawakala wao hufundishwa kuuliza swali la ngazi, ilijibiwa kwa namba ya kumbukumbu.

Safari iliyofuata

Miezi kumi baadaye Bi. Z. alisafiri tena kwa njia hiyohiyo, kumuona mjukuu aliyezaliwa. Safari hii tiketi ilionyesha WCHS katika ndege zote nne, za kwenda na kurudi, na shingoni alivaa kadi yenye mistari mitano kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu: siwezi ngazi, nina kisukari, chakula changu kinifuate nikihamishwa, sitii sahihi karatasi yoyote kabla ya kuzungumza na binti yangu, na namba mbili za simu. Ghuba ndege iliegeshwa tena mbali na jengo, na gari la lifti lilikuwa limeshafika mlangoni kabla abiria wa kwanza hajashuka. Chakula kilipotea tena, kwa kuwa alihamishwa tena kiti. Aliinua kadi, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akasubiri mpaka sahani yake ilipoletwa.